Samansi, notisi na hati ya kiapo: maswali ya wapangaji na wenye nyumba

Barua za mwezi huu karibu zote zina karatasi ndani yake. Wasomaji wametutumia picha za notisi, samansi na mikataba, wengine wakiuliza maana yake, wengine wakiuliza kama waziogope. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Majina tumeyaondoa.

*Assalaam alaykum. Nimekodi vyumba viwili Mwanakwerekwe. Juzi nimekuta karatasi chini ya mlango, juu imeandikwa NOTISI YA MAHAKAMA YA KUHAMA, inanipa siku 14. Chini kuna saini ya mwenye nyumba na muhuri wa sheha. Jirani yangu anasema muhuri ukishapigwa sina tena la kusema. Je, ni kweli?* Mama wa watoto watatu, Mwanakwerekwe

Wa alaykum salaam, bibie. Si kweli. Karatasi hiyo ameiandika mwenye nyumba wako, na neno "mahakama" aliloliweka juu halina uzito wowote. Karatasi ya mahakama ina vitu ambavyo hii tuliyoiona kwenye picha haina: jina kamili la mahakama yenyewe na mahali ilipo, namba ya kesi pamoja na mwaka, majina ya mdai na mdaiwa, tarehe na saa ya kufika, saini ya hakimu, mrajis au karani, na muhuri wa mahakama. Namba ya kesi ndiyo ya kuitazama mwanzo. Kama ipo na una shaka nayo, nenda nayo kwenye masjala ya mahakama iliyotajwa, waambie wakuangalizie kwenye daftari. Kama haipo, hakuna kesi.

Muhuri wa sheha unathibitisha kwamba sheha ameiona barua, basi. Sheha anaweza kuwaita nyote wawili, akawasikiliza na kuwapatanisha, na mara nyingi hapo ndipo jambo linapomalizika. Kukutoa ndani ya nyumba si kazi yake, hata akiandika barua tatu.

Hata hivyo usiitupe. Ni notisi ya mwenye nyumba, na kesho akienda kushitaki ataitoa kama kielelezo kwamba alikupa taarifa. Fanya mambo mawili. Kwanza, nyuma ya nakala yako andika tarehe uliyoikuta na namna ulivyoikuta: "Nimeikuta chini ya mlango, tarehe fulani, saa mbili usiku, shahidi jirani fulani." Pili, ijibu kwa maandishi. Barua ya nusu ukurasa inatosha: umepokea barua yake ya tarehe fulani, kodi umelipa hadi mwezi fulani, mkataba wenu unasema notisi ni ya miezi mingapi, unamuomba aufuate. Usiandike matusi wala historia ya ugomvi wenu. Toa nakala, mpe ya asili, na kwenye nakala yako asaini kwamba ameipokea. Akikataa kusaini, mpe mbele ya mtu mzima mmoja asiyekuwa jamaa yako, na huyo ndiye asaini.

*Mimi nakaa Chake Chake lakini kwa kazi nipo Unguja wiki nzima. Mke wangu ameletewa samansi ya kodi ya miezi saba, akakataa kuisaini kwa kuogopa kwamba akisaini tumekubali deni. Aliyeileta ameibandika mlangoni akaondoka. Deni ninalo lakini si la miezi saba. Nifanye nini, na hayo "majibu ya madai" yanaandikwaje?* Baba wa Chake

Tuanze na saini. Kusaini samansi maana yake ni "nimeipokea", hakuna zaidi. Anayekataa hajajikinga na kitu: mpeleka samansi huibandika mlangoni, kisha hurudi na kuapa kwa maandishi kwamba alifika, mtu mzima wa nyumbani akakataa, naye akabandika. Mahakama ikiridhika na kiapo hicho, huhesabu kwamba umepata taarifa. Siku ya kesi usipotokea, mwenzako ataomba isikilizwe upande mmoja, naye ataeleza miezi saba yake pasipo wa kumpinga. Hukumu ya namna hiyo inaweza kuondolewa, lakini uzito wote unakuangukia wewe: uombe haraka, kwa hati ya kiapo, uonyeshe kwamba samansi haikukufikia ipasavyo au kwamba ulikuwa na sababu ya kutosha ya kutofika. "Nilikuwa Unguja kazini" peke yake ni sababu dhaifu, maana boti zipo na simu ya karani ipo.

Isome samansi kwa kalamu mkononi. Zungushia duara tarehe ya kufika, na ile siku ya mwisho ya kuleta majibu kwa maandishi kama imetajwa. Hizo ni tarehe mbili tafauti na watu huzichanganya. Halafu saa. Karani mmoja huandika "saa 3:00 asubuhi" kwa hesabu yetu, mwengine huandika "9:00" kwa hesabu ya saa ya ukutani, na mpokeaji akasoma saa tisa alasiri. Akifika, kesi yake imeshaitwa. Ukiona tarakimu bila neno asubuhi, chukulia ni mapema, halafu piga simu kuuliza. Tarehe nazo zisome siku kwanza, mwezi baadaye: 5/8 ni tano Agosti.

Pamoja na samansi lazima kuwe na nakala ya hati ya madai. Kama umepata samansi tupu, nenda masjala ukaombe hati yenyewe, maana huwezi kujibu usichokisoma. Hati ya madai ina aya zenye namba. Za mwanzo humtaja nani ni nani na nyumba iko wapi, za kati husema kilichotokea, inayofuata hueleza kwa nini mahakama ile ndiyo yenye uwezo wa kusikiliza, na mwisho kuna maombi: mdai anataka nini hasa. Wengi husoma aya za kati wakakasirika, wasiyafikie maombi. Yasome hayo mwanzo. Huenda anaomba kodi tu, huenda anaomba na uhame, na fidia, na gharama za kesi, na riba. Kila ombi linahitaji jibu lake.

Majibu hufuata aya kwa aya, kwa namba zile zile. Kwa kila aya una moja kati ya matatu: unakubali, unakataa, au hulijui jambo hilo na unamtaka athibitishe. Watu huharibu kwenye kukataa. Anayeandika "mdaiwa anakanusha madai yote" akaishia hapo, amekanusha kwa jumla, na jambo lisilokanushwa kwa dhahiri mahakama inaweza kulihesabu kuwa limekubaliwa. Chukua mfano huu ulinganishe na hesabu yako. Aya ya 4 ya mdai inasema: "Mdaiwa hajalipa kodi ya miezi 7, kuanzia Januari hadi Julai, kwa shilingi 150,000 kila mwezi, jumla shilingi 1,050,000." Jibu lenye nguvu ni hili:

"Aya ya 4 inakubaliwa kwa sehemu na inakataliwa kwa sehemu. Mdaiwa alilipa kodi ya Januari hadi Aprili, jumla shilingi 600,000, kwa njia ya simu. Ujumbe wa malipo umeambatanishwa, Kielelezo A. Kodi ya Mei, shilingi 150,000, aliilipa taslimu kwa kijana wa mdai mbele ya shahidi. Mdaiwa anakubali kudaiwa kodi ya Juni na Julai, jumla shilingi 300,000, na yuko tayari kuilipa kwa awamu mbili."

Usiogope kukubali shilingi 300,000 unazodaiwa kweli. Hakimu akiona umekubali la kweli, ni rahisi kukuamini kwenye lile la Mei ambalo huna stakabadhi. Ukikataa yote, na mwenzako akathibitisha Juni na Julai, hata Januari yako itaonekana ya mashaka.

Kama uliezeka paa kwa pesa zako au ulitengeneza tangi la maji, usilichomeke katikati ya majibu kama lawama. Ni dai lako wewe dhidi yake, nalo liandikwe sehemu ya peke yake mwisho wa majibu, lina kichwa chake, kiasi chake, risiti za fundi na vifaa, na ushahidi kwamba mwenye nyumba alijua au aliridhia.

Mwisho wa hati kuna uthibitisho. Pale unasema aya zipi ni za kweli kwa kujua kwako mwenyewe, na zipi ni kwa taarifa uliyopewa na unaiamini. Yaliyopita wewe ukiwa Unguja, mfano ile samansi kubandikwa, ni taarifa ya mkeo. Usiyathibitishe kama umeyaona. Weka mahali, tarehe na saini. Toa nakala zisizopungua tatu: ya mahakama, ya mdai, na yako iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Hiyo ya muhuri usimpe mtu.

Nasi tungekushauri usiyaandike peke yako. Wasaidizi wa sheria wapo katika shehia nyingi, Unguja na Pemba; Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992, ni mahali pengine pa kuulizia; na Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018 imewekwa kwa ajili ya mtu asiyemudu wakili. Nenda na karatasi zote, siyo na maelezo ya mdomo.

*Mpangaji wangu wa Kwahani hajalipa miezi mitatu. Nimepata fomu ya notisi kwenye intaneti, nzuri, imeandikwa Kiswahili fasaha, inataja Sheria ya Ardhi Sura 113 na kwamba nitampeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Naweza kuijaza tu?* Mwenye nyumba

Hapana, mzee wetu. Fomu hiyo ni ya Tanzania Bara. Ardhi si jambo la Muungano; Sheria ya Ardhi ya 1999 inatumika Bara, na Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya ni ya huko huko. Zanzibar tuna sheria zetu, ikiwemo Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya 1992, na tuna Mahakama ya Ardhi iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya 1994. Magomvi ya ukodishaji wa nyumba yana bodi yake, chini ya wizara inayohusika na ardhi na makaazi, mbali na mahakama za kawaida. Ukipeleka fomu ya Bara, hasara ya kwanza ni kurudishwa dirishani. Ya pili ni kubwa zaidi: wakili wa mpangaji atasema umempa notisi chini ya sheria isiyokuwepo hapa, na itabidi uanze kuhesabu siku upya.

Kabla ya kuandika chochote, jiulize unachodai ni nini. Ugomvi wa nani mwenye kiwanja au mpaka uko wapi ni wa Mahakama ya Ardhi. Kodi isiyolipwa na mpangaji asiyetaka kutoka, anza kwenye bodi ya nyumba uulize kama wanalipokea au wanakuelekeza mahakamani, na wakupe fomu yao wenyewe. Jina lililo juu ya fomu lazima liwe la chombo unachokipelekea.

Notisi yenyewe haihitaji ufasaha. Inahitaji majina kamili ya mpangaji kama yalivyo kwenye kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi au pasipoti. "Baba Asha wa chumba cha nyuma" hakumpati mtu siku ya kutekeleza amri. Inahitaji nyumba ielezwe hata mgeni aifikie: shehia, namba ya nyumba kama ipo, namba ya mita ya umeme, chumba cha ngapi na mlango unatazama wapi. Katika mitaa yetu ya Ng'ambo ambako nyumba mbili zinatazamana kwenye kichochoro kimoja, namba ya mita inasaidia kuliko jina la mtaa. Halafu: mkataba wa tarehe gani, kodi kiasi gani, miezi gani haijalipwa (itaje mmoja mmoja), unataka nini, na mwisho wake lini.

Hapo kwenye "mwisho lini" ndipo notisi nyingi zinapokufa. Mwezi wa kodi hauanzi tarehe 1 kwa kila mtu. Mpangaji wako akilipa kila tarehe 5, mwezi wake ni kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 4. Mkataba ukisema notisi ya mwezi mmoja, na wewe umeitoa tarehe 20 Machi, usiandike ahame 20 Aprili, maana umemkata mwezi katikati. Mwezi kamili baada ya notisi ni 5 Aprili hadi 4 Mei, kwa hiyo mwisho ni 4 Mei. Mkataba ukisema miezi mitatu, ni mitatu, hata kama mpangaji anakukera.

Na kuna hili la kwetu. Mikataba mingi, hasa ya mdomo iliyoandikwa baadaye, inasema "kuanzia Mfunguo Mosi hadi mwisho wa Ramadhani". Hiyo ni miezi 12 ya mwandamo, siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa miladia kwa siku kama 11. Mwenye nyumba anahesabu kwa mwezi, mpangaji anahesabu kwa kalenda ya ukutani, na kila mmoja anamuona mwenzake mwizi wa siku kumi. Tarehe ya hijria ukiitaka iandike, lakini iandike na ya miladia pembeni yake, na useme ipi ndiyo ya kufuatwa.

Mpe nakala, asaini. Usipatane naye baadaye kwa mdomo halafu ukarudi kwenye notisi ile ile. Ukipokea kodi ya miezi inayofuata tarehe ya kuhama bila kuandika neno, umempa hoja ya kusema upangaji umeendelea. Ukitaka kupokea, andika kwenye stakabadhi: "Imepokewa kwa ajili ya deni la miezi fulani, bila kufuta notisi ya tarehe fulani."

*Mkataba wetu tumeandikiana mbele ya mashahidi wawili, haukupigwa stempu. Umeharibika?* Mpangaji, Fuoni

Makubaliano yapo. Tatizo ni kuutoa kama ushahidi: mkataba wa kukodisha ni miongoni mwa hati zinazolipiwa ushuru wa stempu, na usiolipiwa unaweza kuwekewa pingamizi mahakamani mpaka ulipiwe. Upelekeni Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA) mapema, kwa sababu kuchelewa kuna adhabu. Nani alipe, andikeni mle mle ndani.

*Shikamooni. Baba mwenye nyumba amefariki. Sasa wanakuja watoto wake wawili, kila mmoja na mkono wake, kila mmoja anataka kodi apewe yeye. Mdogo kanipa na notisi ya kuhama. Nimlipe nani?* Kijana wa Wete

Marahaba. Usimlipe yeyote kwa kauli yake, wala usiache kulipa. Waandikie wote wawili barua moja, ukisema kodi ipo na utamlipa atakayeonyesha hati. Hati unayoitaka ni ya kumteua msimamizi wa mirathi, au uwakala ulioandikwa na kusainiwa na warithi wote kumpa mmoja wao mamlaka ya kukusanya kodi. Kwa marehemu Muislamu, mirathi hupita Mahakama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na huko ndiko hati hizo zitokako. Wakati unangoja, pesa zitenge kila mwezi mahali penye kumbukumbu, kama akaunti ya benki, usizitumie. Akija mwenye hati siku moja akataka miezi minne, ziwepo zote nne.

Notisi ya mdogo iweke na uijibu kwa adabu kwamba unasubiri kuona uwakala wake. Kama kesi itafunguliwa, tazama nani ameandikwa kuwa mdai. Mrithi mmoja akishitaki kwa jina lake peke yake, bila hati, hilo ndilo la kulisema mwanzo kabisa katika majibu yako, kabla ya hesabu za kodi. Na usiende kwa Kadhi kulalamika juu ya kodi yenyewe. Kadhi anagawa mirathi, ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba si wake.

Kama nyumba yenyewe ni ya wakfu, huenda hao watoto wawili hawana chao hapo. Nenda Kamisheni uulize.

*Mwenye nyumba ameng'oa mlango wa mbele na kuchukua ile kadi ya TUKUZA, umeme ukiisha siwezi kuweka. Anasema ataendelea mpaka nihame. Nimeambiwa nikaombe "zuio". Hilo zuio linaombwaje?* Bi wa Michenzani

Pole sana. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kujitekelezea mwenyewe. Kumtoa mpangaji kunahitaji amri. Piga picha leo, mlango usipokuwepo na mita ikionekana namba, kisha ripoti polisi na uchukue namba ya ripoti. Umeme nao usikae gizani kwa ajili ya kadi: namba ya mita imeandikwa kwenye mita yenyewe, ichukue uende nayo ofisi ya shirika la umeme.

Zuio ni amri ya muda ya kumtaka aache anachofanya mpaka shauri lisikilizwe. Karatasi zake ni mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni maombi, yanayosema unataka nini: arudishe mlango, asikate huduma, asikutoe. Yawe mafupi. Kama huwezi kungoja tarehe ya kawaida, huongezwa na hati ya dharura inayoeleza kwa nini. "Watoto wanalala bila mlango" ni sababu. "Nateseka sana" si sababu.

Ya pili ni hati ya kiapo, na hii ndiyo inayobeba mzigo. Ndani yake mnakuwa na mambo uliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, kwa aya zenye namba: tarehe gani, saa ngapi, nani, alifanya nini, nani alikuwepo. Rai zako, aya za sheria na maombi hayana nafasi mle. Tumeona viapo vilivyojaa "mjibu maombi ni dhalimu na hana utu", na hakimu akaamuru sehemu hizo zifutwe, zikabaki aya mbili zisizotosha. Kama jambo umeambiwa na mtoto wako, sema umeambiwa na nani. Usiisaini nyumbani. Inasainiwa mbele ya kamishna wa viapo, naye anaandika mahali na tarehe ya kuapishwa, jina lake, saini na muhuri. Kabla hujaondoka mezani kwake, soma sehemu ile ya chini. Mahali au tarehe ikiachwa wazi, hati yote inaweza kukataliwa kwa hilo moja.

Pia jiulize utaomba nini baada ya zuio. Zuio ni la muda, linategemea shauri kubwa nyuma yake.

*Hukumu imetoka, nimeshindwa, nimekata rufaa wiki ile ile. Leo amekuja dalali wa mahakama na karatasi ya kunitoa. Si nimekata rufaa?* Mpangaji wa duka, Darajani

Rufaa haisimamishi utekelezaji kwa nguvu zake yenyewe, na hili limewatoa watu wengi madukani wakiwa na stakabadhi ya rufaa mfukoni. Kusimamisha utekelezaji ni ombi jengine, lina hati yake ya kiapo, na ndani yake ueleze hasara gani utaipata isiyorudishika, kwamba hukuchelewa kuomba, na kwamba uko tayari kuweka dhamana, mfano kuweka mahakamani kodi unayodaiwa. Lipeleke leo, usingoje kesho.

Dalali mtendee kwa heshima, lakini isome karatasi yake. Namba ya kesi ndiyo ya hukumu yako? Jina ni lako, na mlango uliotajwa ndio huu, si duka la jirani? Kuna muhuri na saini ya mahakama, na tarehe ya mwisho ya kuitekeleza haijapita? Amri inasema akutoe, au inasema akamate mali kwa ajili ya deni? Hivyo ni viwili, na cha pili hakimpi ruhusa ya cha kwanza. Kimoja kikiwa si sawa, mwambie, ipige picha karatasi ile, na umtume mtu masjala wakati wewe umebaki dukani. Usifunge mlango kwa ndani wala usimguse.

Bidhaa zikitolewa, ziorodhesheni palepale, kitu na idadi: "mabelo ya kanga 6, jokofu 1, viti vya plastiki 12". Wewe usaini, dalali asaini, na ukae na nakala. Bila orodha hiyo hutaweza kudai kilichopotea.

Umeuliza pia kuhusu kilemba, yaani pesa ya kuachiwa duka, ulichompa mpangaji aliyekutangulia. Hukumu tuliyoisoma haikugusa kilemba, na katika majibu yako ya madai hukukitaja popote. Huwezi kukizua kwenye rufaa kama jambo jipya. Kama una maandishi yake, hilo ni dai la peke yake, dhidi ya yule uliyempa mkononi, siyo dhidi ya mwenye duka.